Mzee wa Mjini Atunzwe na Nani?

Mtu aliyezaliwa Sudan Kusini mwaka 1955 alitimiza umri wa miaka 70 mwaka 2025. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka wa maasi ya wanajeshi mjini Torit, na tangu hapo maisha yake yamekwenda sambamba na vita vya nchi yake. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulimkuta kijana wa miaka 17. Vita vilipoanza tena mwaka 1983 alikuwa na miaka 28, pengine na watoto wadogo wa kukimbia nao. Amani ya mwaka 2005 ilimkuta akikaribia miaka 50, na bendera ya uhuru ilipopandishwa mjini Juba tarehe 9 Julai 2011 alikuwa na miaka 56. Desemba 2013 risasi zililia ndani ya mji huo huo, na Julai 2016 zikalia kwa mara nyingine.

Mzee wa namna hiyo, mara nyingi, hakuzeekea mahali alipozaliwa. Wapo waliopitia makambi ya wakimbizi ya Uganda na Kenya, na wapo waliokaa miaka mingi katika vitongoji vya Khartoum, kabla ya kurejea na kutua Juba. Wengine wamefika karibuni zaidi, kwa sababu ya vita vilivyozuka nchini Sudan Aprili 2023, ambavyo vimewavusha mpaka watu zaidi ya milioni moja kuingia Sudan Kusini. Kwa hiyo Juba, inayojulikana kuwa mji wa vijana wanaotafuta kazi, imekuwa pia mji wa wazee wasio na mahali pengine pa kwenda. Swali linalozuka ni hili: mzee huyo, nguvu zikimwishia, atunzwe na nani?

Zamani swali hilo halikuwa na haja ya kuulizwa. Mwaka 1962, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana ameketi tu bila kazi katika jamii ya jadi hakuwa mnyonyaji, maana alikwisha kufanya kazi kwa bidii wakati wa ujana wake. Alikuwa akila matunda ya jasho lake. Maelezo hayo yanazihusu jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakiwemo Wabari wa kando ya Mto Nile na wafugaji wa kaskazini mwao.

Lakini ni vema kukumbuka kwamba heshima ya mzee haikuwa maneno matupu. Ilikuwa na mali nyuma yake. Mzee ndiye aliyekuwa na sauti juu ya ng'ombe, na kijana hakuweza kuoa bila ng'ombe hao. Mzee ndiye aliyejua mipaka ya mashamba na aliyesimamia ugawaji wake. Aidha, mikono ya kumtunza ilikuwa mingi: wake, wana, wakaza wana, wajukuu na majirani waliokuwa pia jamaa. Kazi ya kumwogesha na kumlisha ikigawanywa kwa watu kumi haimwelemei mtu yeyote.

Mjini, mambo hayo mawili yamekatika kwa pamoja. Ng'ombe wameporwa au wamebaki mbali, na shamba limebaki katika eneo ambalo pengine bado si la salama. Nyumba anamokaa ni ya mwanawe au ya kupanga. Na ile mikono kumi imekuwa miwili au mitatu, kwa kuwa wengine waliuawa, wengine wako ng'ambo, na waliobaki hutoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Mzee amebaki na jina la heshima, lakini nguzo zilizoishikilia heshima hiyo zimeanguka.

Inafaa kueleza maana ya matunzo yanayozungumzwa hapa, kwa sababu watu wengi huyachanganya na matibabu. Matibabu humshughulikia mgonjwa ili apone. Matunzo ya muda mrefu humshughulikia mtu ambaye pengine hatapona, lakini ataishi, na ana haki ya kuishi kwa heshima. Ni kumsaidia mtu kuamka, kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni na kumeza dawa zake kwa wakati, leo na kesho na mwaka ujao. Aliyepooza kwa kiharusi anayahitaji. Aliyepofuka kwa mtoto wa jicho, kwa vikope au kwa usubi, maradhi ambayo Sudan Kusini imeyajua kwa muda mrefu, naye anayahitaji. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anayetoka nje usiku akitafuta kijiji alichokiacha miaka arobaini iliyopita, anayahitaji kuliko wote, ingawa majirani wanaweza kudhani kwamba amerogwa au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi.

Kazi hiyo ina ujuzi wake. Mtu aliyelala kitandani bila kuweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya mgongo na nyonga huanza kuoza na kufanya vidonda vigumu kupona. Mtu aliyepooza upande mmoja anapaswa kulishwa akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, ili chakula kisipite njia ya hewa. Mambo hayo si ya daktari bingwa. Yaweza kufundishwa kwa siku chache. Lakini hayafundishwi. Hospitali kubwa yoyote humpokea aliyepatwa na kiharusi, humtibu mpaka hatari ya kwanza ipite, kisha humruhusu kurudi nyumbani. Kutoka hapo, ujuzi wote wa kumweka hai huachwa mikononi mwa yule atakayekutwa nyumbani.

Na nani hukutwa nyumbani? Mtu na aifikirie nyumba moja ya Gudele au Gumbo. Baba hayupo. Mama anauza chai au mboga sokoni Konyo Konyo tangu asubuhi, maana asipouza hakuna chakula jioni. Wavulana wako barabarani na bodaboda. Anayebaki na bibi ni mjukuu wa kike wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Yeye ndiye anayesubiri muuza maji, maana sehemu kubwa ya wakazi wa Juba hununua maji ya malori au ya madumu yanayobebwa kwa baiskeli, na mgonjwa asiyeweza kujizuia haja hutumia maji mengi kuliko watu wazima wawili wenye afya. Yeye ndiye anayefua matandiko na kumshika bibi mkono mpaka choo cha shimo, wakati wa masika njia ikiwa tope tupu. Shule iko karibu, pengine kengele yake husikika hapo hapo, lakini bibi hawezi kuachwa peke yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Husemwa kwamba Afrika haina tatizo la kutunza wazee kwa sababu jamaa huwatunza. Ni kweli kwamba huwatunza. Lakini neno "jamaa" linaficha mengi. Gharama ya matunzo ya bibi wa Juba haikuondoka kwa sababu tu hakuna aliyeilipa kwa fedha. Imelipwa na msichana kwa masomo yake. Miaka hamsini baadaye msichana huyo atakuwa mzee asiye na elimu wala akiba, na atamhitaji msichana mwingine aache shule kwa ajili yake. Umaskini utakuwa umerithishwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu bila mtu yeyote kufanya kosa.

Wapo watakaosema kwamba Sudan Kusini ni nchi ya vijana na kwamba ina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Hoja hiyo haipuuzwi. Sensa ya mwaka 2008, ambayo ndiyo ya mwisho kufanyika, ilionyesha kwamba watu 72 katika kila 100 walikuwa chini ya umri wa miaka 30. Lakini hesabu hiyo hiyo ina onyo ndani yake. Kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati wa sensa hiyo atakuwa na miaka 60 ifikapo mwaka 2050, na aliyekuwa na miaka 29 atakuwa na 71. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi, waliokuwa bilioni moja duniani mwaka 2020, watafikia bilioni 2.1 mwaka 2050, na wanne kati ya kila watano wao watakuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nchi zitakazowatunza wazee wake mwaka 2050 ni zile zitakazoanza kuunda utaratibu sasa, wakati wazee bado ni wachache na kosa linaweza kusahihishwa.

Wapo pia watakaosema kwamba mzee wa mjini hatimaye hurudi kijijini. Uzoefu wa Nairobi hauungi mkono maneno hayo. Watafiti waliofuatilia kwa miaka mingi maisha ya wakazi wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya watu maskini jijini humo, waliwakuta wazee waliokaa humo kwa makumi ya miaka bila mpango wa kuondoka. Ikiwa mzee wa Nairobi mwenye kijiji chenye amani hakurudi, mzee wa Juba ambaye kijiji chake kilichomwa moto atarudi wapi?

Kundi la tatu lina jibu jepesi: zijengwe nyumba za wazee. Nyumba za namna hiyo zina mahali pake. Tanzania Bara ina makazi ya wazee, na Zanzibar ina nyumba za Sebleni na Welezo, ambako waliokosa kabisa mtu wa kuwaangalia wamepata kitanda na chakula. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 yenyewe inasema kwamba familia ndiyo tegemeo la kwanza, na kwamba makazi ni njia ya mwisho. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Nyumba moja huchukua watu wachache, nayo huhitaji wapishi, wauguzi, maji na dawa mwaka baada ya mwaka, hata baada ya sherehe za ufunguzi kusahaulika. Na mzee wa Juba aliyekwisha kung'olewa kwao mara tatu au nne hapaswi kung'olewa mara ya tano kutoka kwa wajukuu wake ikiwa upo uwezekano wa kumsaidia akiwa nyumbani.

Nchi tajiri zimekwisha kupita njia hii. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, na Japani ikafuata Aprili 2000, ambako kila mtu aliyefikia miaka 40 hulipa mchango na serikali huongeza kiasi kama hicho kutoka katika kodi. Kabla ya hapo, katika nyumba nyingi za Kijapani, mzigo ulikuwa wa mkaza mwana, kama ulivyo leo wa mjukuu wa Juba. Lakini bima ya namna hiyo husimama juu ya mishahara ya uhakika. Sudan Kusini haina msingi huo kwa sasa. Bomba la mafuta lilipoharibika Februari 2024, mapato ya serikali yalianguka, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila mishahara. Asiyelipwa hawezi kukatwa mchango.

Kwa hiyo ni bora kutazama kwa majirani. Zanzibar, tangu Aprili 2016, imempa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa mtumishi au mkulima. Kiwango kilianza na shilingi 20,000, na baada ya miaka kadhaa kikapandishwa hadi 50,000. Kenya ilianza na majaribio madogo mwaka 2006, na mwaka 2018 ikapanua mpango wake kuwafikia wazee wa miaka 70 na kuendelea wasio na pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda ilianza mwaka 2010 katika wilaya chache, na ilipoeneza mpango nchi nzima ilianza na wale waliofikia miaka 80. Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza ni kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuanza, mradi ianze kwa umri wa juu na idadi ndogo. La pili ni kwamba fedha iliyowekwa kwa kiwango kisichobadilika huliwa na kupanda kwa bei, na paundi ya Sudan Kusini imeanguka thamani kiasi ambacho kila mama wa sokoni anakijua. Malipo yasiyopitiwa upya kila mwaka yangegeuka kuwa ahadi hewa.

Hata hivyo, fedha peke yake haimgeuzi mgonjwa kitandani. Panahitajika mtu mwenye ujuzi wa kubisha hodi. Sudan Kusini ina chombo ambacho kingeweza kutumika. Mwaka 2017 ulizinduliwa Mpango wa Afya wa Boma, ambao huwatumia wahudumu waliochaguliwa katika jamii zao. Kazi yao kubwa imekuwa juu ya malaria, kuhara na homa ya mapafu kwa watoto, na hiyo ni kazi ambayo hapana anayeweza kuidharau. Lakini mhudumu anayejua njia ya kila nyumba anaweza kufundishwa pia kutazama mgongo wa mzee, kupima shinikizo la damu, na kumwonyesha mjukuu namna ya kumwinua bibi bila kuumia kiuno. Thailand imetumia kwa miaka mingi wahudumu wa kujitolea wa namna hii kuwatembelea wazee majumbani, na imefika mbali kuliko nchi zilizosubiri kujenga kwanza.

Upo pia uzoefu wa kulipa. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, Sudan Kusini imewahi kuendesha miradi ya ruzuku kwa kaya maskini, mji wa Juba ukiwemo, ambamo wenye nguvu walilipwa kwa kazi za umma na kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi zilipewa fedha moja kwa moja. Maana yake ni kwamba orodha zinaweza kuandikwa na malipo yanaweza kumfikia mlengwa. Mjini humo liko pia shirika la SSOPO, linaloshughulikia hali za wazee, na yapo makanisa na misikiti ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikiwaona wazee ambao serikali haikuwaona. Vyombo hivyo vikikaa pamoja, mtaa mmoja wa Munuki au Kator unaweza kuwa na ukumbi ambamo wazee hukaa kutwa nzima, wakapata uji, maji safi na mtu wa kuwaangalia. Ukumbi wa namna hiyo hauhitaji vitanda. Lakini kwa kila mzee anayeletwa asubuhi, yuko msichana anayeweza kwenda shule.

Wala jambo hili si hisani. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika ibara ya 30, inatambua haki ya wazee ya kuheshimiwa utu wao. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Januari 2016 Itifaki juu ya Haki za Wazee, ambayo ilianza kutumika Novemba 2024 baada ya kuridhiwa na nchi 15. Itifaki hiyo inazitaka serikali kuzisaidia familia zinazotunza wazee, na kuwalinda wazee dhidi ya mila za kuwadhuru, zikiwemo tuhuma za uchawi. Sheria haipiki uji, ni kweli. Lakini humpa mwananchi mahali pa kusimama anapodai.

Kazi ya kwanza haihitaji hata fedha nyingi. Ni kuhesabu. Kila mtaa wa Juba unaweza kujua, nyumba kwa nyumba, ni wazee wangapi wasioweza kujihudumia, wanakaa na nani, na yule anayewahudumia ana umri gani. Swali hilo la mwisho ndilo lisiloulizwa, nalo ndilo lenye majibu ya kushtua. Orodha hiyo ikipatikana, wataonekana wa kuanza nao: mzee anayeishi peke yake, na mzee anayetunzwa na mtoto.

Wazee wa Juba ndio waliobeba watoto mgongoni kuvuka mito na mipaka ili pawepo taifa la kuzungumziwa. Wajukuu wao wamelipokea jukumu la kuwatunza bila kulalamika, na hiyo ni sifa kwao. Lakini si haki sifa hiyo iwe kisingizio cha wakubwa kukaa kimya. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Yeyote atakayepita Gudele akamwona msichana na dumu lake mbele ya mlango wa bibi yake, atajua kwamba mkono mmoja haumlei mzee pia.